Namna ya Kusomea Mazingira Ukiwa Katindo, Kuanzia kwenye Mbabula ya Mama

Mdogo wangu, diploma ya Serikali umeipata, poda umemwagiwa kichwani mtaa mzima ukishangilia, na sasa, mbele ya sahani ya fufu na sambaza, umetangaza kwamba utasomea mazingira. Mimi nimefurahi. Papa hajafurahi. Ameweka tonge chini, amekutazama kama mtu anayetafuta homa usoni kwa mgonjwa, kisha akauliza swali ambalo wazazi wa Goma wanalo tayari mfukoni: "Utakula miti?"

Usimjibu kwa hasira. Papa amewaona vijana waliosoma miaka mitano kisha wakaishia kuuza vocha za simu barabarani, kwa hiyo hofu yake ina sababu. Wala usimjibu kwa maneno ya semina. Ukitamka "ustahimilivu wa mifumo ikolojia" kabla fufu halijaisha, kesi umeshaipoteza. Muulize tu: "Papa, gunia la makala limefika bei gani mwezi huu?" Hapo ataongea mpaka sahani zitolewe mezani, na akimaliza atakuwa amekupa somo la kwanza la taaluma yako bila minervali.

Nina jambo moja la kukuambia, na mengine yote yatalizunguka hilo. Ardhi unayotaka kuitunza haianzii Rumangabo kwenye ofisi za hifadhi ya Virunga. Inaanzia jikoni kwenu. Anayesomea msitu bila kumjua anayeupikia maharagi atapata cheti, atapata kofia yenye nembo, na msitu utaendelea kwisha akiutazama.

Pima makala kabla ya kupima msitu

Azima mizani kwa jirani anayeuza maharagi. Kila asubuhi, kabla Mama hajawasha mbabula, pima makala anayotenga. Jioni pima yaliyobaki. Fanya hivyo wiki nzima na uandike kila kitu kwenye daftari, maana siku hazilingani: siku ya maharagi mbabula inakula mara mbili, siku ya sambaza inafunga. Mama atakuuliza kama umerogwa. Mwambie ni kazi ya shule, neno ambalo kwetu hufungua milango yote.

Tuseme wastani umetoka kilo 2 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730. Sasa, tanuri la udongo wanalotumia wachomaji wetu, lile la kufukia magogo na kuyaacha yaungue polepole kwa siku kadhaa, hutoa kilo 10 hadi 20 hivi za makala kwa kila kilo 100 za mti. Chukua 15, iliyo katikati. Nyumba yenu peke yake inamaliza karibu tani 5 za miti kwa mwaka, na bado hujagusa nyumba ya jirani, wala kambi ya jeshi iliyobeba jina la mtaa wenu, wala mama wa beignets kwenye kona. Rudi kwa Papa na daftari. Mwambie kwa adabu kwamba miti mnaila tayari. Wewe unakwenda kusoma namna ya kuifanya isiishe.

Ukishapata hesabu hiyo, lifuate gunia kinyumenyume. Wakati mwingine limeshuka kutoka Kibumba juu ya chukudu. Mwendesha chukudu atakueleza mengi, ila msaidie kwanza kusukuma. Hakuna mtafiti anayepewa habari akiwa mikono mfukoni. Au limevuka ziwa kwa mtumbwi mpaka Kituku, au limekuja kwa lori kupitia Sake. Kila kituo uliza mambo mawili: nani amelipwa, na nani ametoza. Utagundua kwamba aliyekata mti ndiye aliyepata kidogo kuliko wote, na kwamba kati yake na mbabula ya Mama wamesimama watu wengi wenye vizuizi, wengine na bunduki. Makundi yenye silaha yameishi kwa kodi ya makala katika mkoa huu kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo ikolojia ya Kivu ya Kaskazini, na usipoisoma barabarani hutaikuta kamili kwenye kitabu.

Lazima pia ujue gunia hilo limeshafanya nini. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu waliokimbia Rwanda walipiga kambi Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Kila chungu kilihitaji kuni, na kuni zilikuwa upande wa pili wa mpaka wa hifadhi. Mwaka huohuo UNESCO iliiandika Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Halafu Julai 2007, upande wa Mikeno, gorila wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, pamoja na baba wa familia, Senkwekwe. Waliomuua hawakuchukua nyama wala kichwa cha kuuza. Miili iliachwa pale pale, na uchunguzi ukaelekea kwenye biashara ya makala: gorila alikuwa sababu ya msitu kulindwa, basi aondoke. Picha ya wanakijiji waliombeba Senkwekwe kwenye machela ya miti, wakishuka naye katika kundi kubwa, ilizunguka dunia nzima. Itafute uitazame, usiangalie gorila tu. Angalia nyuso za wale wanaume waliombeba, mabega yao, na wangapi walihitajika. Kazi unayoitaka inaonekana pale vizuri kuliko kwenye hotuba yoyote.

Mwaka huohuo wa 2007 ulianza mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF, wa kuwasaidia wakulima wapande miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe: mikaratusi, grevilea, akasia. Wazo lake ninalipenda kwa sababu linamheshimu Mama. Halimwambii aache kupika, linauliza mti wake utoke wapi. Na kuna umeme: kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru, megawati 13.8, kilichojengwa na hifadhi yenyewe na kuzinduliwa 2015, kimefikisha waya mpaka ndani ya Goma. Taa zimewaka, simu zinachajiwa, vinu vya unga vinasaga. Lakini chungu cha maharagi bado kiko juu ya makala katika nyumba nyingi zenye waya. Kwa nini? Hilo ni swali la kuandikia kazi yako ya mwisho wa masomo, na jibu lake liko kwa akina mama wa Katindo, kwenye pesa wanayopata siku kwa siku, bei ya sufuria bapa, hofu ya umeme kukatika maharagi yakiwa nusu. Nenda kawaulize. Usiende na karatasi yenye majibu manne ya kuchagua.

Soma jiwe ulilokanyaga

Watoto wa miji mingine wanapanda basi kwenda kuona jiolojia. Wewe ukijikwaa umeshaiona. Katindo imekaa juu ya lava, kuta za nyumba ni lava, na shimo la choo linachimbwa kwa nyundo na machozi. Nyiragongo, mita 3,470, ililipuka 10 Januari 1977, ikarudi 17 Januari 2002 na kupita katikati ya mji mpaka ziwani, ikarudi tena 22 Mei 2021 na kusimama karibu kabisa na mji, upande wa Buhene. Wazee wako wanazijua tarehe hizo kwa majina ya watu waliowapoteza. Wewe zijue hivyo, na uzijue pia kwa namna ya pili: kama kalenda ya udongo.

Nenda Buhene ukakae juu ya lava ya 2021. Halafu tafuta ya 2002, halafu ya 1977. Utaona kwa macho jinsi ardhi inavyozaliwa. Mwanzo ni jiwe jeusi linalokata soli ya kiatu. Kisha unaingia utando wa kijivu unaokaribia weupe, wenye vijitawi vidogo kama matumbawe yaliyokauka. Wataalamu wanauita Stereocaulon, na ndio mkazi wa kwanza wa lava zetu. Hauna mizizi. Unakula hewa na unyevu, unalitafuna jiwe kidogo kidogo, ukifa unaacha vumbi. Kwenye vumbi hilo linashika jani la kangaga, kwenye kangaga inashika nyasi, na kwenye nyasi kichaka. Piga magoti, weka kidole juu yake, bonyeza taratibu: asubuhi yenye umande ni laini, mchana wa jua unavunjika kama ganda la yai. Atakayekuambia kwamba udongo ni uchafu wa kuoga ukimaliza kazi, mlete hapo.

Tazama maji pia. Goma ina mvua nyingi na haina hata mto mmoja, kwa kuwa lava imejaa nyufa na maji yanazama papo hapo. Ndiyo maana watoto wanapanga foleni ziwani na bidoni za manjano. Na maji ya mvua upande wa volkano yanapita kwenye moshi wake, yanateremka na floridi inayoharibu meno. Mtu aliyesomea mazingira hapa anatakiwa ajue hili kabla ya kumshauri mtu yeyote aweke tangi la kukinga mvua.

Kuna somo moja la kutofanyiwa mazoezi. Upande wa magharibi, kuelekea Lac Vert na Bulengo, yako mabonde madogo yenye mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inajaza shimo kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Mbuzi anainamisha kichwa kula majani na hainui tena. Mtoto anakufa pale ambapo baba yake amesimama wima na hajasikia kitu. Ukiona mijusi na wadudu waliokufa kwenye bonde dogo, usishuke, usimtume mwenzako, na usimwache mtu ajenge kibanda pale. Watu waliokimbia vita wamepangiwa mahema jirani na mashimo hayo kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi wazi. Kuwaza mapema nafasi hiyo iko wazi kwa nini ni kazi ya taaluma yako.

Somo la plastiki ni fupi. Nenda mpakani, Petite Barrière, na mfuko wa plastiki, uone unavyonyang'anywa ukiingia Gisenyi, maana Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008. Congo nayo ina amri yake ya Desemba 2017. Kisha tazama mfereji wa karibu na nyumba yenu, ufikirie mfuko ule unakwenda wapi: ziwani, kisha kusini, mpaka Bukavu, kwenye bwawa la Ruzizi, ambako taka zinaziba mitambo na umeme unakatika. Salongo ya Jumamosi ni nzuri, lakini mtaa ukifagia ukasukumia mfereji, umehamisha tu.

Kuhusu chuo

Sasa tuongee habari za kuandikishwa. Chuo Kikuu cha Goma kina kitivo cha kilimo, na kwa mtu wa Katindo kina faida kubwa kuliko jina lolote la mbali: utalala kwenu na utaendelea kupima makala. Butembo ipo Université Catholique du Graben, yenye kilimo na mifugo. Kwa misitu hasa, jina ni Kisangani na jirani yake Yangambi, kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa Wabelgiji na chenye hazina ya mimea iliyokaushwa inayohesabiwa kati ya kubwa za Afrika ya kati. Baada ya shahada ya kwanza iko ERAIFT ya Kinshasa, iliyoanzishwa 1999 kwa msaada wa UNESCO, ambako mhandisi, mwanasheria na mwanakilimo wanakaa darasa moja wakisoma msitu mmoja. Ukitaka kazi ya wanyamapori, shule ya Garoua kule Kameruni inafundisha kwa Kifaransa tangu 1970, na chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kinafundisha kwa Kiingereza tangu 1963. Ila huko, ukitoka darasani, Kiswahili chako kitakupikia, kitakupangishia chumba na kukupatia marafiki.

Mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Kwa hiyo usipange masomo ya Kinshasa kama anayepanga safari ya Sake. Uliza njia, uliza vyeti vitatambuliwa wapi, na kabla ya kulipa chochote zungumza na mwanafunzi aliyepo pale sasa hivi, si aliyemaliza zamani. Diploma yako ya Serikali itolee nakala nyingi zilizothibitishwa, uzigawe nyumba tofauti. Mji huu umewafundisha wengi kwamba karatasi ya pekee haikai chini ya godoro moja.

Jambo ambalo vyuo havilisemi kwa sauti: jifunze ramani kwenye kompyuta. Programu ya QGIS haina malipo, na picha za setilaiti za misitu zinapatikana bure. Nusu ya vijana wa mtaa wenu wameshafanya kazi za kuhoji watu kwa programu ya simu ya KoboCollect, mashirika yakilipa kwa siku. Mkono ule ule uliohesabu mahema unaweza kuhesabu miche, matanuri na chemchemi. Usingoje mradi ukutume.

Kiboko, samaki na hesabu ya deni

Kwenye daftari lako weka ukurasa mzima kwa ajili ya kiboko wa Ziwa Edward. Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, kundi kubwa kuliko yote duniani. Katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Waliwaua kwa nyama na kwa meno, watu wenye silaha wa kila sare na wasio na sare. Wengi walisema: basi, mnyama mkali amepungua, wavuvi watapumua. Lakini kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kuja kunya majini mchana. Mbolea ile hulisha mwani, mwani hulisha wadudu na tilapia, tilapia hulisha vijiji vya wavuvi vya Vitshumbi na Kyavinyonge, na Vitshumbi hutuma samaki mpaka sokoni Goma. Viboko walipokwisha, na mitumbwi isiyo na ruhusa ilipoongezeka juu yake, nyavu zikaanza kurudi nyepesi.

Unaona kwa nini nakusisitizia hesabu? Mtu anayesema "tulinde viboko kwa sababu ni urithi" amesema kweli, na mvuvi wa Vitshumbi hatamsikiliza. Mtu anayeweza kumwonyesha mvuvi, mwaka kwa mwaka, idadi ya viboko upande huu wa ukurasa na uzito wa samaki upande wa pili, huyo atapewa kiti.

Mlima nao una hesabu yake. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua ilishusha matope na mawe juu ya Nyamukubi na Bushushu, wilaya ya Kalehe, kando ya ziwa lile lile unalochotea maji. Waliokufa walizidi 400. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini miteremko iliyovuliwa miti haishiki kitu, na vijiji vilikuwa vimekaa mdomoni mwa mito. Mtunza ardhi ni yule anayefika kabla, anayejua mteremko upi hauwezi kubeba mihogo bila matuta na mabingobingo ya kuzuia udongo, na anayejua namna ya kulisema hilo kwa mzee mwenye shamba bila kumdharau.

Ndipo inapokuja sheria, ambayo wanafunzi wa mazingira huikimbia. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola. Mkulima wa Masisi anajua shamba alipewa babu yake na mwami. Wote wawili watakuja mezani kwako siku moja, na ukiwa hujui lugha ya mmojawapo utafukuzwa na wote. Soma kanuni ya misitu ya 29 Agosti 2002, sheria ya mazingira ya Julai 2011, sheria ya uhifadhi ya Februari 2014. Zaidi ya yote soma amri ya 2 Agosti 2014, inayoruhusu jamii kukabidhiwa msitu wake wa kimila mpaka hekta 50,000. Isome kwa Kifaransa mara mbili, kisha mweleze Mama kwa Kiswahili akiwa anachambua mchicha. Asipoelewa, wewe ndiye hujaelewa.

Kabla ya amri hiyo kuwepo, watu wa mkoa wetu walishaonyesha njia. Mwaka 1998, kule Lubero, machifu wa Batangi na Bamate walikubaliana kutenga msitu wao wa Tayna kwa ajili ya gorila na kwa ajili ya wajukuu zao, na pale Kasugho kikajengwa chuo cha kusomesha vijana wa palepale uhifadhi. Linganisha na Virunga, iliyotangazwa 21 Aprili 1925 kwa jina la mfalme wa Ubelgiji, ambako watu waliondolewa na mpaka ukachorwa na wageni. Miaka mia imepita na ugomvi wa mpaka ule haujaisha. Mimi naipenda Virunga kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo nataka uijue na madeni yake. Utasimama mbele ya mkulima ambaye babu yake alihamishwa, na hatakuuliza una shahada gani.

Magwanda, gari jeupe, au kompyuta

Wapo wanaosomea mazingira kwa ajili ya gari jeupe lenye antena ndefu. Kama ndilo unalolitaka, soma udereva: ni haraka zaidi, na gari utaliendesha wewe.

Wapo wanaotaka magwanda ya mlinzi. Hao wasikilize na uwaheshimu, lakini mwambie Mama ukweli wote. Zaidi ya walinzi 200 wameuawa katika historia ya Virunga. Tarehe 24 Aprili 2020 waliuawa 12 kwa shambulio moja karibu na Rumangabo, pamoja na raia. Wanaobaki wanarudi kazini. Kituo cha Senkwekwe palepale Rumangabo kililea gorila yatima, akiwemo Ndakasi, aliyeokotwa 2007 akiwa na miezi miwili, ameng'ang'ania mwili wa mama yake. Alifariki 26 Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake André Bauma. Hiyo nayo ni kazi ya mazingira, kukaa miaka 14 na mnyama asiyeweza kurudi msituni.

Rodrigue Mugaruka Katembo alilazimishwa kuwa askari akiwa bado mtoto. Baadaye akawa mhifadhi Virunga, na kampuni ya kigeni ilipokuja kutafuta mafuta ndani ya hifadhi, alirekodi kwa siri jinsi hongo zilivyotembea. Septemba 2013 alikamatwa na kuteswa. Mwaka uliofuata kampuni iliacha, na 2017 Katembo akapewa tuzo ya Goldman. Corneille Ewango aliipata tuzo hiyo 2005 kwa kazi ya Epulu, kwenye hifadhi ya okapi kule Ituri: vita vilipofika na wakubwa wakaondoka, yeye mtaalamu wa mimea alificha makusanyo ya mimea iliyokaushwa na kumbukumbu za utafiti, akajificha mwenyewe msituni. Fikiria mtu anayehatarisha maisha kwa ajili ya majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi. Nimewaza sana juu ya hilo. Bila majani yale hakuna ambaye angeweza kuthibitisha msitu ulikuwa na nini kabla ya vita.

Lakini nafasi nyingi hazina bunduki wala tuzo. Pale Goma kuna kituo cha kuchunguza volkano, kinachohitaji watu wa kusoma gesi na matetemeko, na watu wa kueleza matokeo redioni bila kutia mji hofu. Kuna vitalu vya miche, mabwawa ya umeme, kahawa na kakao zinazonunuliwa kwa wakulima wa kandokando ya hifadhi. Kuna wapatanishi wa mipaka ya mashamba, na kwa maoni yangu hao ndio wanaokosekana kuliko wote. Msitu wa Walikale una gorila wa Grauer, ambaye yuko karibu kabisa na kutoweka, na una madini ambayo simu ya kila mtu inayahitaji. Anayeweza kukaa na mchimbaji, mwami na mtafiti kwenye benchi moja mpaka jioni hatakosa kazi.

Barua ya staji

Mwaka wa pili utaanza kuomba staji. Barua yako isianze na "sayari yetu iko hatarini", kwa sababu atakayeisoma amesoma nyingine nyingi zenye maneno hayo hayo kabla ya chai. Anza na namba zako: kilo ngapi za makala kwa siku kwa nyumba ngapi za Katindo, gunia lilitoka wapi, bei ilipandaje mvua zilipokatisha barabara. Ambatanisha ramani uliyochora mwenyewe. Andika Kifaransa safi, mpe mwalimu asahihishe, na utaje Kiswahili na lugha ya nyumbani kama ujuzi wa kazi, kwa sababu ndivyo vilivyo. Ipeleke mwenyewe asubuhi, na nakala ya pili ya kugongewa muhuri wa mapokezi. Rudi baada ya wiki mbili kuuliza, kwa heshima. Rudi tena. Ukiambiwa staji haina malipo, uliza kama kuna nauli na chakula. Ukiambiwa hakuna, hesabu kwanza na Papa mtaweza miezi mingapi, kisha amua.

Wakati unangoja majibu, mbegu za grevilea zinapatikana kwa wakulima wa barabara ya Rutshuru. Vifuko vya kupandia utashona kwa magunia ya unga yaliyochanika. Udongo mweusi utauomba, maana kwenu kuna mawe tu, na miche ya kwanza ikifika kiganja, mpe jirani yule aliyekuazima mizani.